Sanduku la Fundi: Seva inaposema "hatupitishi barua huku"

Mwezi huu barua za kuhama seva zimekuwa nyingi mezani kwangu kuliko za virusi na nywila zilizosahaulika zikiwekwa pamoja. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ina makosa matatu tofauti ambayo mwenyewe anayaona kama moja, na kwa sababu kuna ushauri ndani yake ambao lazima niuzuie haujaenea.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa kompyuta katika kampuni inayosafirisha minofu ya sangara, hapa Ilemela. Seva yetu ya barua pepe, Postfix, ilikuwa kwenye mashine ya ofisini tangu 2012. Ijumaa usiku nilihamia seva mpya ya kukodi, nayo ni Postfix. Mpango ulikuwa seva ya zamani iendelee kupokea na kuisukumia mpya mpaka mabadiliko ya DNS (kitabu cha anwani cha intaneti) yaenee. Niliondoa kikoa chetu (jina linalofuata @) kwenye mydestination ya seva ya zamani ili isizihifadhi tena barua, nikaielekeza kwa seva mpya, nikajaribu kutuma kutoka kompyuta ya mhasibu. Ikafika. Nikaenda kulala. Jumamosi saa tatu asubuhi mteja wa Ubelgiji akapiga simu: oda yake imerudishwa na maneno "554 5.7.1 Relay access denied". Wengine wanarudishiwa "550 5.1.1 User unknown". Wengine wametuma, hawajarudishiwa kitu, na kwetu hakuna kilichofika. Rafiki yangu anasema niandike 0.0.0.0/0 kwenye mynetworks na kosa litaondoka dakika hiyo hiyo. Bosi anataka turudi seva ya zamani. Nimeambatisha logi za seva zote mbili. Nifanye nini? (Kijana wa Ilemela)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa Jumamosi hiyo. Nilikujibu kwa simu siku ile ile, lakini nayaandika hapa yote kwa ajili ya wengine watakaopita njia hiyo.

Kabla ya kutafuta kosa, kwanza zuia barua zisiendelee kupotea. Kwenye seva zote mbili andika:

postconf -e "soft_bounce = yes"
postfix reload

Katika SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupeana barua, jibu linaloanza na tarakimu 5 ni "hapana" ya mwisho: mtumaji asirudi, amrudishie mwenye barua. Jibu linaloanza na 4 ni "bado": hifadhi barua yako, rudi baadaye. Mstari huo wa soft_bounce unageuza kila 5 kuwa 4. Seva ya mteja wako ikisikia 4 inaiweka barua kwenye foleni yake na kuja kugonga tena na tena. RFC 5321 ya mwaka 2008, ambayo ndiyo kanuni ya SMTP, inataka mtumaji avumilie angalau siku nne hadi tano. Postfix huvumilia siku 5. Exchange, seva ya barua ya Microsoft, kama mwenyewe hakuibadilisha, huvumilia siku 2 tu. Kwa hiyo ukiuweka mstari huo Jumamosi saa nne asubuhi, una muda mpaka Jumatatu saa nne, ukihesabu kwa yule mwenye haraka kuliko wote. Mtu aliyepumua husoma logi vizuri. Kazi ikiisha uondoe, maana ukiubakiza, hata anayekosea jina la mpokeaji atakaa siku tano akidhani barua imefika.

Sasa logi. Nakushukuru kwa kuiambatisha, bila hiyo ningekuwa napiga ramli. Mstari wako wa kwanza unasomeka hivi, nikiondoa majina:

NOQUEUE: reject: RCPT from ...: 554 5.7.1 <oda@...>: Relay access denied; from=<...> to=<oda@...> proto=ESMTP

Swali la kwanza la kujiuliza ni nani amesema maneno haya. Watu wengi wakihama hukimbilia seva mpya, kwa kuwa ndiyo ngeni. Mstari huu umetoka kwenye logi ya seva ya zamani. Seva mpya hata haikuulizwa. Neno NOQUEUE linakuambia barua haikuingia kabisa kwenye foleni, ilikataliwa mlangoni wakati mtumaji anataja jina la mpokeaji, kabla hata hajaanza kutuma yaliyomo.

Kwa nini ikakataa? Fikiria karani wa mizigo pale gati la meli ya Nansio. Kifurushi kinatoka Dar es Salaam kwa basi, kinashushwa Nyegezi, kinaletwa kwake. Karani ana daftari mbili. Moja ina majina ya wanaochukua mizigo hapo hapo dirishani. Ya pili ina vijiji vya Ukerewe ambavyo amekubali kuvipelekea mizigo. Kifurushi kisichokuwa katika daftari yoyote anakirudisha, na ana haki, kwa sababu si kazi yake kubeba mizigo ya dunia nzima. Daftari la kwanza ndilo mydestination. La pili ni relay_domains. Wewe Ijumaa usiku ulifuta jina la kikoa chenu kwenye daftari la kwanza, ukafanya sawasawa, lakini hukuliandika kwenye la pili. Ulimwachia karani njia ya kwenda Nansio bila ruhusa ya kupokea mzigo wa Nansio.

Kompyuta ya mhasibu ilifanikiwa kwa sababu nyingine kabisa. Iko ndani ya mtandao wenu, na mtandao wenu umeandikwa kwenye mynetworks, daftari la watu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani karani hamuulizi anapeleka wapi. Kwa hiyo jaribio lako halikupima kile ulichotaka kukipima, na hili ndilo naliona kila mwaka, kwa vijana wazuri kabisa: wanajaribu wakiwa ndani, ilhali tatizo liko kwa anayetoka nje.

Kitu kingine nilichokiona, cha kuwasaidia wenye mashine za zamani. Tangu toleo 2.10 la mwaka 2013, Postfix ambayo haijachezewa hujibu 454 kwa kosa hili, yaani "bado", makusudi ili msimamizi apate nafasi ya kurekebisha. Mashine yenu ni ya 2012. Inajibu kwa desturi ya zamani, 554, na ndiyo maana oda ya Ubelgiji ilirudi mara moja.

Dawa yake, kwenye seva ya zamani, ni mistari mitatu katika main.cf, faili la mipangilio ya Postfix:

relay_domains = kikoa chenu
transport_maps = hash:/etc/postfix/transport
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/relay_recipients

Kwenye faili la transport unaandika kikoa, kisha smtp: na anwani ya seva mpya ndani ya mabano ya mraba. Mabano hayo usiyaache ukiandika jina la seva. Bila mabano, Postfix itakwenda kuuliza rekodi ya MX, ile inayotaja seva inayopokea barua za kikoa, na ikikuta MX bado inamwonyesha yeye mwenyewe, itajizungusha na kulalamika "mail for ... loops back to myself". Faili la tatu ni orodha ya anwani zenu zote halisi, kila moja na neno OK mbele yake. Wengi huliruka kwa kuona ni kazi. Ukiliruka, seva ya zamani itapokea barua za majina ya kubuni yanayotungwa na watuma taka, seva mpya itazikataa, na ya zamani itabaki inarudisha barua kwa watu ambao hawakutuma chochote. Baada ya kuandika, endesha postmap kwa mafaili yote mawili ili Postfix iweze kuyasoma, kisha postfix reload.

Zile zilizokwisha kataliwa kwa 554 kabla hujaweka soft_bounce hazitarudi zenyewe. Hapa usikate tamaa, maana mstari ule ule uliokuumiza una dawa ndani yake: unataja from na to. Chukua logi ya seva ya zamani, toa mistari yote yenye "Relay access denied" tangu Ijumaa usiku, andika upande mmoja aliyetuma na upande mwingine aliyetumiwa. Futa barua taka, utazitambua kwa macho. Wanaobaki ni wateja. Mpe dada wa mauzo karatasi hiyo awapigie mmoja mmoja: "Tulihama seva, barua yako ya jana haikutufikia, tafadhali itume tena." Kijana huyu alipata majina kumi na moja, na mpaka saa nane mchana tisa walikuwa wametuma upya. Hakuna mteja atakayekuchukia kwa simu kama hiyo. Anayechukia ni yule anayegundua mwenyewe wiki mbili baadaye.

Kosa la pili, "User unknown". Hili limetoka kwenye seva mpya, kwa watumaji ambao DNS yao ilishawaonyesha MX mpya. Linasema "unknown in virtual mailbox table", na limewapata oda@ na usafirishaji@ peke yao. Hizo si sanduku za mtu, ni lakabu: zamani ziliandikwa katika /etc/aliases na kumfikia mtu fulani. Ulinakili lile faili likaenda kama lilivyo, nimeliona. Lakini /etc/aliases husomwa kwa vikoa vilivyoko kwenye mydestination tu. Kwenye seva mpya umeweka kikoa kama virtual_mailbox_domains, kwa hiyo faili lile limekaa pale bila kusomwa na mtu. Lakabu za kikoa cha namna hiyo huandikwa katika virtual_alias_maps, anwani kamili upande wa kushoto, anwani kamili upande wa kulia. Na usijaribu kukiweka kikoa kimoja kwenye mydestination na virtual_mailbox_domains kwa pamoja ili "kishike kote kote". Postfix itakuonya kwenye logi, na tabia yake haitakuwa ile unayoitarajia.

Tena, kwa wote mnaojiandaa kuhama: lakabu ndizo hupotea. Watu huhamisha masanduku kwa sababu yana ukubwa na yanaonekana. Lakabu ni mstari mmoja ambao mtu aliyeacha kazi aliuandika zamani, na mara nyingi ndiyo anwani iliyochapwa kwenye maboksi ya bidhaa.

Kosa la tatu ni ule ukimya. Ukimya katika barua pepe karibu kila mara maana yake ni moja kati ya mawili: mtu kasema "bado" na barua iko kwenye foleni ya mtumaji, au barua imepokelewa na kuwekwa kwenye folda ya taka. Kwako ni la kwanza. Logi ya seva mpya imejaa 450 na neno "Greylisted". Yule aliyekuuzia seva aliifunga pamoja na Postgrey, kichujio kinachomwambia kila mgeni arudi baada ya dakika 5, kwa hesabu kwamba mtuma taka hana subira ya kurudi. Ni mbinu nzuri kwenye seva iliyokwisha kuzoeana na watu. Lakini kumbukumbu yake Jumamosi ilikuwa tupu, kwa hiyo mteja wa miaka kumi naye ni mgeni. Tena kampuni kubwa za barua hutuma kutoka anwani nyingi: ikirudi mara ya pili inatokea anwani nyingine, nayo inaambiwa mgeni, na saa zinapita. Izime kwa wiki mbili za kwanza. Utapata taka zaidi kidogo, vumilia.

Ulipokuwa ukilinganisha logi mbili uliniambia "muda hauendani, kama vile seva mpya inaona barua kabla haijatumwa". Seva ya ofisini iko katika saa zetu, ya kukodi iko katika UTC, saa ya kimataifa, tofauti ni saa 3. Ukikuta 21:14 kwenye seva mpya, hiyo ni 00:14 kwetu, saa sita na dakika kumi na nne usiku. Wapo wanaobadilisha saa ya seva ili zifanane. Mimi siipendi, naongeza tatu kwa kichwa.

Sasa 0.0.0.0/0. Mwanangu, usiandike. Rafiki yako hana nia mbaya na ni kweli kosa litaondoka dakika hiyo hiyo. Litaondoka kwa sababu umemwambia karani kwamba kila binadamu mwenye intaneti ni mtu wa nyumbani. Miaka ya mwanzo ya SMTP, iliyoandikwa 1982, seva zilikuwa hivyo na hakuna aliyeona ubaya, kila mmoja alimbebea mwenzake. Watuma taka walipogundua mlango huo miaka ya tisini, ndipo "Relay access denied" ikawa desturi. Kosa linalokuudhi ni kufuli iliyowekwa kwa sababu.

Nalijua kwa mwili wangu. Nikiwa na umri kama wako nilisimamia seva ya ofisi moja hapa Nyamagana. Barua za nje zilikuwa zinagoma, ilikuwa Ijumaa jioni, meneja amesimama mlangoni na funguo za gari. Nikafungua mtandao wote, barua zikaingia, tukaenda nyumbani. Jumatatu nilipoandika postqueue -p, amri ya kuonyesha foleni, orodha ilianza kupanda kwenye skrini na haikusimama. Nikaweka chai, nikanywa, bado inapanda, anwani nisizozijua kwa lugha nisizozijua. Jioni yake IP yetu, yaani namba ya seva yetu kwenye intaneti, ilikuwa kwenye orodha za watuma taka, na hata barua zetu halali zikawa zinakataliwa kila tulikotuma. Kutolewa kwenye orodha hizo kulichukua wiki. Mhasibu wetu, mama wa makamo, alipanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam na nyaraka za zabuni kwenye flashi, kwa sababu barua pepe ya ofisi ilikuwa haipokelewi. Sikulala usiku ule mpaka aliponipigia kwamba amefika.

Kwa hiyo jaribu hivi, na jaribu ukiwa nje: hotspoti ya simu yako, au mashine ya rafiki aliye mtaa mwingine. Mitandao mingine hufunga poti 25, mlango ambao seva hupokelea barua, ukiona telnet (programu ya kuongea na seva kwa kuandika) imekaa kimya tafuta sehemu nyingine. Ikifunguka, ongea na seva kwa mkono:

telnet jina-la-seva 25
EHLO jaribio.local
MAIL FROM:<anwani yako ya nje>
RCPT TO:<oda@ kikoa chenu>
RCPT TO:<anwani yako nyingine ya nje>
QUIT

Hakuna barua itakayotumwa, kwa kuwa hujafika kwenye DATA. Jibu la RCPT ya kwanza liwe 250. Jibu la pili liwe kukataliwa, 454 au 554. Yakiwa 250 yote mawili, umeacha mlango wazi, funga kabla hujanyanyuka kitini. Fanya hivyo kwa seva ya zamani na kwa mpya.

Jambo la mwisho kwako, ambalo lilikuwa bado halijakukuta. Barua zikianza kupita kwa seva ya zamani kwenda mpya, seva mpya itaona zote zinatoka kwenye IP ya ofisi yenu. Ikikagua SPF, orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, itauliza: je, kikoa cha mteja wa Ubelgiji kimeiruhusu IP ya Ilemela kutuma kwa niaba yake? Hakijaruhusu, na barua itaishia kwenye taka. Iambie kazi ya ukaguzi wa SPF isiikague IP hiyo moja. Sahihi ya DKIM, muhuri ambao seva ya mtumaji huutia kwenye barua, haitaharibika, mradi seva ya zamani isiongeze maneno kwenye barua, kama vile lile tangazo la chini mlilokuwa mkilibandika.

Bosi umwambie kwamba kurudi nyuma kunahitaji DNS ienee upya vile vile, kwa hiyo angeukuta msukosuko huu mara ya pili. Na ukishamaliza, seva ya zamani usiizime. Iache ipitishe kwa wiki mbili au tatu, kila asubuhi tazama logi yake nani bado anaipitia. Siku tatu mfululizo zikipita bila mteja hata mmoja, izime.

SWALI: Hujambo fundi. Ni mwalimu wa sekondari, Sengerema, nimebebeshwa na barua pepe za shule. Tulihamisha barua kutoka kampuni iliyohifadhi tovuti yetu kwenda huduma nyingine, tovuti tukaiacha pale pale. Ni mwezi sasa. Barua za Gmail zinaingia, za wizara zinaingia. Ila za shule jirani hazifiki kabisa na hazirudishwi. Kwao zinaonekana zimekwenda. MX nimeikagua ni sahihi. (Mwalimu)

JIBU: Sijambo mwalimu. Nadhani shule jirani nao wana tovuti kwa kampuni ile ile. Kama ndivyo, hujakosea popote kwenye DNS, na ndiyo maana ukikagua huoni kitu.

Seva ikipewa barua, kabla ya kuuliza DNS hujitazama yenyewe: je, kikoa hiki ni changu? Mlipoondoka, hakuna aliyeiambia seva ile kwamba hamko tena. Inawahesabu kama wa nyumbani, na masanduku yenu ya zamani bado yapo. Kwa hiyo jirani akiwaandikia, barua haitoki hata nje ya mashine, inawekwa moja kwa moja kwenye sanduku lenu la zamani, na yeye anaambiwa imefika. Imefika kweli, tatizo ni mahali. Fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti yenu nayo ina tatizo hilo hilo, ikague.

Kama wanatumia cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti na barua, ingia sehemu ya kupanga njia ya barua pepe. Kuna chaguo la kikoa kuwa cha ndani, cha akiba, cha mbali, au mashine iamue yenyewe. Chagua cha mbali. Kama huna ruhusa hiyo waandikie kampuni wakitoe kikoa chenu kwenye faili la localdomains wakiweke kwenye remotedomains, watakuelewa kwa sentensi hiyo moja.

Lakini kabla ya kufuta chochote, ingia kwenye yale masanduku ya zamani kwa kivinjari. Barua za mwezi mzima zimo, mwalimu. Mkuu wa shule ya jirani hajakupuuza. Zikiwa chache zipeleke kwa mkono, zikiwa nyingi tumia imapsync, inanakili kutoka sanduku hadi sanduku na kuacha za zamani mahali pake. Anza na sanduku la mtaaluma.

SWALI: Dada, habari za Mwanza. Nipo Bukoba, tumeweka seva mpya nyuma ya ruta mpya. Barua zote za nje zinapita, hakuna kosa lolote. Ila kwenye logi kila mtumaji anaonekana ametoka 192.168.10.1, na SPF ya kila barua inafeli. Nimezima SPF kwa sasa. Ni sahihi? (Ndugu yako wa Kagera)

JIBU: Kaka, za Mwanza ni njema. Nakuomba uinuke sasa hivi ukafunge poti 25 kwenye ruta, kisha urudi kusoma.

192.168.10.1 ni ruta yako. Inapoleta barua ndani inabadilisha anwani ya mtumaji na kuweka yake. Seva haimwoni mtumaji, inaiona ruta, na ruta ipo ndani ya mtandao wako. Nina hakika mynetworks yako ina 192.168.10.0/24, kama za wengi. Maana yake kila mtu duniani anayegonga mlango wako anahesabiwa mtu wa nyumbani. Ni lile lile 0.0.0.0/0 la kijana wa Ilemela, tofauti ni kwamba wewe hukuliandika. SPF ilikuwa inakuonya, na umeinyamazisha.

Kwenye ruta tafuta kanuni ya kubadilisha anwani ya chanzo, wengi huiita masquerade. Iache ifanye kazi kwa wanaotoka ndani kwenda nje tu. Kwa wanaoingia, ruta ibadilishe anwani ya mwisho peke yake. Kama ulihitaji ile hali ili watu wa ndani waifikie seva kwa jina la nje, weka jina hilo kwenye DNS ya ndani na anwani ya ndani. Wakati ukirekebisha, toa mtandao mzima kwenye mynetworks, bakiza 127.0.0.0/8, na watu wako watume kwa poti 587 na nywila.

Kisha washa SPF, fungua poti, fanya lile jaribio la RCPT mbili nililolieleza juu ukiwa nje ya ofisi, na uangalie logi: jina la mtumaji liwe na IP ya kweli. Halafu postqueue -p. Ukikuta barua usizozijua, zisimamishe kwa postsuper -h ALL kwanza, usifute, tuzitazame pamoja. Namba yangu unayo. Piga hata kama ni usiku.